Kumsaidia Mtoto Kusoma na Kuhesabu Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tanga)



Tumeombwa na Halmashauri ya Chama tuseme machache juu ya watoto wetu wadogo, wale walio katika darasa la kwanza, la pili na la tatu, na jinsi ya kuwasaidia kusoma na kuhesabu wakiwa nyumbani. Sisi si waalimu, wala hatukuja kuwafundisha waalimu kazi yao. Sisi ni makarani kama ninyi, na kwa sababu hiyo hiyo twaona ya kuwa jambo hili latuhusu zaidi ya watu wengine. Mvuvi ale kwa wavu wake, mkulima ale kwa jembe lake. Sisi twala kwa kalamu. Basi ni ajabu gani mtoto wa mtu alaye kwa kalamu akikua bila ya kujua kusoma!

Mji wetu huu na nchi iliyo karibu nao una sifa ya zamani katika mambo ya maandishi. Katika miaka ya 1890 Serikali ya Wadachi ilikuwa imekwisha fungua shule hapa Tanga, na wamisheni wa Magila walikuwa wakitoa gazeti la Kiswahili liitwalo Habari za Mwezi. Baadaye kidogo gazeti la Kiongozi likapigwa chapa hapa hapa Tanga. Tena ilikuwa hapa, mwaka 1922, ambapo karani Martin Kayamba na wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, Waislamu na Wakristo pamoja. Hayo yote ni kweli, nasi twajivunia. Lakini elimu hairithiwi kama nyumba au minazi. Mtoto wa karani huzaliwa hajui herufi hata moja, sawasawa na mtoto wa mtu asiyepata kuona kitabu. Kila mtoto huanza upya.

Kwanza tuseme juu ya hatari yenyewe, kwa maana wazazi wengi hawaioni. Katika darasa lenye watoto wengi mwalimu husoma mstari, na watoto wote huitika kwa sauti moja. Sauti ya mtoto asiyejua hufichwa na sauti za wenzake. Ni kama mtu asiyejua kupiga kasia aliyeketi kati ya wapiga makasia hodari: mtumbwi waenda, naye aonekana amefanya kazi. Jioni mtoto huyo huja nyumbani, hufungua kitabu chake, na husoma ukurasa mzima bila ya kukosa neno. Baba hufurahi, humpa sarafu. Kumbe mtoto hakusoma. Ameushika ukurasa ule kwa moyo, kama ashikavyo wimbo.

Kwa hiyo twawaomba kila mmoja wenu afanye jaribio moja dogo juma hili. Fungueni kitabu cha mtoto mahali po pote, si ukurasa wa kwanza. Funikeni picha kwa mkono. Wekeni kidole juu ya neno lililo katikati ya mstari, mwambieni asome neno hilo peke yake. Kisha neno lililo chini yake, kisha la mwisho wa ukurasa. Ajuaye kusoma atalisoma, hata kama polepole. Asiyejua atarudi juu ya ukurasa na kuanza kunong'ona maneno toka mwanzo mpaka alifikie neno lile. Mkimwona afanya hivyo, msimkaripie. Mshukuruni Mungu kwamba mmejua mapema.

Twasema mapema kwa sababu wakati wa kulitengeneza jambo hili ni mfupi. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya masomo mengine yote, na maana yake ni wazi. Mtoto akipanda madarasa ya juu, kila somo humjia kwa njia ya kitabu: habari za nchi, habari za afya, hata hesabu huandikwa kwa maneno. Asiyejua kusoma hushindwa katika yote kwa mara moja. Kisha wenzake humwita mjinga, na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe husadiki kwamba ni mjinga. Na zaidi ya hayo, masomo ya sekondari katika shule za Serikali husomeshwa kwa Kiingereza. Kama mtoto hakupata kusoma kwa lugha anayoielewa, atasomaje kwa lugha asiyoielewa? Wako wazazi wanaotaka kuanza na Kiingereza nyumbani kabla mtoto hajaweza kusoma neno "mama". Kwa fikira zetu hiyo ni kuezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Sasa na tuje kwenye kusoma kwenyewe. Mungu ametupa lugha nyepesi kusomeka. Kiswahili kina vokali tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake moja tu, haibadiliki. Mwingereza hana raha hiyo. Mtoto wake hujifunza miaka mingi neno hili laandikwa hivi na latamkwa vile. Basi mzazi aanze na hizo tano mpaka mtoto azijue kwa macho, hata zikichanganywa. Kisha achukue herufi moja tu, tuseme m, aiunganishe nazo: ma, me, mi, mo, mu. Siku nyingine achukue t: ta, te, ti, to, tu. Kwa herufi hizo mbili peke yake mtoto aweza kusoma mama, moto, mate, tumo, mti. Afurahi kwamba amesoma maneno ya kweli, naye hakujifunza ila herufi chache.

Lililo kubwa ni kufundisha sauti, si majina ya herufi. Mtoto akiambiwa "em" na "a", hawezi kuona kwa nini zikikutana zinasema "ma". Watu wa pwani wanajua jambo hili tangu zamani. Mwalimu wa chuo huonyesha herufi moja, huitia fat-ha, kasra na dhamma, na mwanafunzi husema ba, bi, bu. Mtoto anayekwenda chuoni amekwisha elewa nusu ya kazi, wala asione ya kuwa shule na chuo ni vitu viwili vinavyogombana. Jambo moja tu lataka uangalifu: maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, na haya yetu ya Kirumi huanzia kushoto. Mtoto asomaye yote mawili huweza kuchanganyikiwa siku za kwanza. Dawa yake ni kumwekea kidole mwanzo wa mstari, upande wa kushoto, kila anapoanza, mpaka azoee.

Baada ya silabi nyepesi ziko nzito kidogo: mba, nda, nga, nya, sha, cha, tha, dha, gha. Hapa mzazi atamke wazi, hasa katika nyumba ambamo watu husema Kibondei, Kisambaa, Kidigo au lugha nyingine pamoja na Kiswahili. Mtoto aliyezoea kusikia "zahabu" atashangaa kuona dhahabu. Amwonyeshe pia tofauti ya ngoma na ng'ombe, kwamba kile kialama kidogo juu si uchafu wa karatasi, bali kina kazi. Na katika neno kama mtoto, amwonyeshe kuwa ile m husimama peke yake: m-to-to, silabi tatu.

Kisha huja maneno marefu, ambayo huwatisha watoto kupita kiasi. Neno kama "hatutawapelekea" likimtazama mtoto, yeye hufunga kitabu. Mfundisheni kulikata kama mtu akatavyo muwa: ha-tu-ta-wa-pe-le-ke-a. Ni vipande vinane, na kila kimoja amekwisha kukijua. Akikata mara mbili tatu, ataliunganisha mwenyewe, na hataogopa neno lo lote tena.

Lakini kutamka si kusoma bado. Kasuku naye hutamka. Kila baada ya mistari michache mwulizeni: "Nani amefanya nini? Kwa nini? Wewe wadhani atafanya nini sasa?" Asipoweza kujibu, asome tena. Maswali haya hayataki mwulizaji awe amesoma shule. Mama asiyejua herufi aweza kuyauliza, na bibi aweza kuyauliza vizuri kuliko sisi, maana yeye ndiye mwenye hadithi na vitendawili, naye ajua hadithi iliyonyooka na iliyopinda.

Mtasema, vitabu viko wapi? Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi vitabu ni haba. Lakini maandishi si haba. Tazameni kanga za mama zao: kila jozi ina maneno yake, mafupi, yenye maana, tena yameandikwa kwa herufi kubwa, nazo herufi kubwa mtoto lazima azijue. Nyumba yenye kanga kumi ina kurasa kumi. Mama na amwite mtoto: "Hebu nisomee ninavaa nini leo." Yako majina ya majahazi, vibao vya maduka, maandishi ya magunia na makopo, majina ya vituo vya njia ya Muheza na Korogwe. Gazeti la jana ambalo baba amekwisha lisoma ni kitabu kizuri: mtoto atafute kila penye neno "Tanga" na kulizungushia kalamu. Na asiye na ubao ana mchanga. Mchanga wa Raskazone haununuliwi, na kosa lililoandikwa mchangani hufutwa kwa kiganja bila ya aibu. Neno moja kwetu sisi makarani: karatasi ya ofisi ina mwenyewe. Tusimfundishe mtoto kuandika juu ya mali ya Serikali.

Ama hesabu, kanuni yake ni moja: vitu kwanza, tarakimu baadaye. Mtoto ahesabu kokwa, vifuu, kete, vijiti, avishike kwa mkono. Mtoto asemaye "moja, mbili, tatu" hata ishirini bila ya kushika kitu huenda akawa anaimba tu, kama yule wa kusoma kwa moyo. Mwambieni: "Niletee kokwa saba." Akileta saba, anajua saba.

Iko sehemu moja ambapo watoto wetu hukwama, na twaomba mwiangalie sana. Kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, majina haya yanajieleza yenyewe. Lakini tukifika makumi, tumeazima majina kwa Waarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, na kadhalika. Sitini yafanana na sita, sabini yafanana na saba. Lakini mtoto ataonaje mbili ndani ya ishirini, au tatu ndani ya thelathini, au nane ndani ya themanini? Kwake ni majina matupu. Basi fungeni vijiti kumi kumi kwa uzi wa katani. Mpeni mafungu matatu, aseme "makumi matatu", kisha mwambieni, "jina lake thelathini." Mpeni mafungu matatu na vijiti vinne, aseme "makumi matatu na nne, thelathini na nne," kisha aandike 34, tatu ya mafungu na nne ya vijiti. Afanyapo hivi siku chache, hata kukopa katika hesabu ya kutoa hakutamsumbua, kwa kuwa kukopa ni kufungua fungu moja tu.

Vivyo hivyo sifuri. Mwambieni mtoto aandike mia tatu na tano. Wengi wataandika 3005, kwa sababu wamesikia mia tatu, wakaandika 300, kisha wakasikia tano, wakaongeza 5. Hilo si kosa la ujinga. Ni kosa la masikio. Mwonyesheni nyumba tatu, ya mamia, ya makumi na ya moja moja, na kwamba nyumba ya makumi ikiwa haina mtu, sifuri hukaa mlangoni kuilinda.

Baada ya hapo hesabu zimejaa katika maisha yetu. Bao lina safu nne za mashimo manane, na kete sitini na nne. Mtoto ajuaye hayo amekwisha onja kuzidisha na kugawanya. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ni pishi moja: pishi tatu ni vibaba vingapi? Sokoni, tuseme chungwa la Muheza ni shilingi 200: manne ni shilingi ngapi, na nikitoa 1,000 nitarudishiwa nini? Mfundisheni kuhesabu chenji kama wafanyavyo wauzaji wenyewe, kwa kupanda. Kitu ni shilingi 650, nimetoa 1,000: toka 650 mpaka 700 ni 50, toka 700 mpaka 1,000 ni 300, jumla 350. Mama auzaye vitumbua hufanya hesabu hii kichwani kabla karani hajatoa kalamu mfukoni. Asijidharau mbele ya mtoto. Katika jambo hili yeye ndiye mwalimu.

Saa nayo ni mwalimu ukutani. Sisi tunahesabu saa toka kupambazuka, kwa kuwa nchi yetu iko karibu na ikweta na jua halibadilishi sana wakati wake. Lakini uso wa saa umeandikwa kwa desturi ya Ulaya. Mshale mfupi ukiwa juu ya 7 asubuhi, sisi twasema saa moja. Ukiwa juu ya 1 mchana, twasema saa saba. Watu wazima tumezoea, hatuoni taabu. Mtoto huona ni maajabu. Mpeni kanuni: namba ikizidi sita, toa sita, isipozidi, ongeza sita. Kila akitazama saa, amefanya hesabu moja bila ya kuambiwa "keti ufanye hesabu".

Hata habari za nchi yetu zina hesabu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida huko Marekani, ije kupandwa upande huu wa Tanga na Pangani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwulizeni mtoto: mingapi ilikufa njiani? Akikwisha pata 938, mwambieni kwamba mashamba ya mkonge ya nchi hii yalianza kwa hiyo 62. Hesabu yenye habari ndani yake haisahauliki.

Sasa tuseme juu ya namna ya kufundisha, ambayo twaiona kuwa kubwa kuliko yote tuliyotaja. Dakika kumi na tano kila siku zashinda saa mbili za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano asome alichokisoma jana, dakika tano asome kipya, dakika tano afanye hesabu. Kisha aachwe akacheze. Asifundishwe akiwa na njaa wala usingizi. Aanze kwa jambo analoliweza na amalize kwa jambo analoliweza, ili kesho aje kwa hiari yake.

Akikwama, msimtajie neno upesi. Hesabuni polepole mpaka tano moyoni. Mara nyingi ataliona mwenyewe. Na fimbo iwe mbali. Wako wasemao, "Sisi tulipigwa, tukajua." Huenda ni kweli kwamba tulipigwa na kwamba tulijua, lakini wenzetu wengi walipigwa pia, wakakimbia shule, nao hawamo katika chumba hiki kutoa ushuhuda wao. Mtoto mwenye hofu hutazama mkono wa baba, hatazami kitabu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.

Tena tuwatazame watoto wa kike. Katika nyumba nyingi saa ya kitabu ikifika, mvulana huketi na daftari, msichana hutumwa maji. Kazi za nyumbani ni za lazima, hatuzikatai. Lakini zigawanywe sawa, na dakika kumi na tano za msichana ziwe zake. Kesho huyu ndiye atakayekuwa mama wa nyumba. Akijua kusoma, watoto wake hawatamngoja karani arudi kazini.

Na mtoto asipoendelea ijapokuwa amesaidiwa kwa upole siku nyingi, tusikimbilie kumwita mvivu. Tuyaangalie macho yake: je, hukisogeza kitabu karibu na pua, au hushindwa kuona maandishi ya ubaoni? Tuyaangalie masikio yake: je, huitika akiitwa kwa nyuma? Apelekwe kwa mganga hospitali. Kisha mzazi aende kwa mwalimu, kwa adabu, amwulize mtoto hukwama wapi. Mwalimu aliyetembelewa na mzazi humkumbuka mtoto huyo kesho yake.

Wako watakaosema, "Mwalimu hulipwa mshahara kwa kazi hii, nami nimechoka nirudipo ofisini." Twajibu hivi. Mwalimu ana watoto wengi na saa chache. Wewe una mmoja au wawili, na dakika kumi na tano. Yeye ameanza kazi; wewe huanzi, wamalizia tu. Na kama kweli umechoka, keti ubarazani, ufumbe macho, umwambie mtoto, "Nisomee habari hii." Hiyo nayo ni kazi, na labda ndiyo kazi nzuri kupita zote ulizofanya siku hiyo.

Mwisho, twatoa mashauri mawili mbele ya Chama. La kwanza, kila mwanachama afanye lile jaribio la neno la katikati juma hili, na tutakapokutana tena tuambiane kweli, bila ya kuoneana haya. La pili, liwekwe sanduku moja hapa chamani, na kila mwenye kitabu cha mtoto ambacho kimekwisha somwa akitie humo, mwingine akichukue, akikirudisha achukue kingine. Katibu ataandika majina katika daftari. Kazi hiyo hatuwezi kusema kwamba hatuijui.

 Mwenye swali na aulize.